Shaaban Robert: Mshairi aliyejua uzito wa neno linalorudi

KAMA umewahi kufika Nyamyumba, katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, bila shaka unaujua mwambao ule wa Ziwa Kivu ulio kusini mwa mji wa Gisenyi, penye chemchemi za maji ya moto na kiwanda kikubwa cha bia. Jioni, jua linapozama upande wa Kongo, wavuvi huingia ziwani na mitumbwi yao iliyounganishwa mitatu mitatu, wakaenda kutafuta sambaza kwa mwanga wa taa. Wanapopiga kasia huimba. Mmoja huanza, wenzake huitikia, na neno la kuitikia huwa ni lile lile tangu ufukweni mpaka sauti zinapomezwa na giza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Rwanda iliifanya lugha yetu kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017, na kwa watu wa Rubavu, ambao mpaka wa Goma uko mlangoni mwao, jambo hilo lilikuwa kama kumpa cheti mtu ambaye tayari anafanya kazi. Nimezisikia nyimbo za wavuvi kwa muda mrefu. Lakini nakiri kwamba kuzisikia ni jambo moja na kuzisikiliza ni jambo jingine.

Kilichonifanya nizisikilize ni kosa langu mwenyewe. Wiki chache kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa Julai 7 kila mwaka tangu 2022, binti mmoja kati ya wanafunzi wangu alinijia na shairi. Alinisalimia shikamoo Mwalimu, akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili kama ilivyo desturi ya huku. Shairi lilimhusu marehemu baba yake, mvuvi ambaye usiku mmoja ziwa lilimchukua. Lilikuwa na beti nne, na ndani ya beti hizo neno rudi lilitokea mara tisa.

Nilichukua kalamu nyekundu. Nilikata saba, nikaacha mbili. Pembeni niliandika kwamba Kiswahili si lugha maskini, atafute maneno mengine. Baada ya siku mbili binti alirudi na nakala safi. Mahali pa rudi palikuwa na rejea, na njoo tena, na geuza mtumbwi. Vina vilikaa, mizani ilitimia. Nikampa alama za juu. Sikugundua wakati ule kwamba katika nakala ile ya pili baba yake hakuwamo tena.

Shughuli ya Julai 7 ilinitaka niandae mazungumzo kuhusu maisha ya Shaaban Robert. Nilidhani ni kazi nyepesi, kwani ni nani aliyesoma Kiswahili asiyemjua Shaaban Robert? Lakini usiku mmoja, nikiwa nimefungua shairi lake la kumlilia mkewe Amina, nilijiuliza kalamu yangu nyekundu ingelifanya nini shairi lile. Jibu lilinitia aibu. Makala haya ni sehemu ya kuilipa aibu hiyo.

Mtoto wa Vibambani

Shaaban Robert alizaliwa Januari 1, 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Asili ya ukoo wake ilikuwa ya Wayao, lakini yeye alikulia pwani, akajihesabu Mswahili. Wengi wanaosikia jina lake kwa mara ya kwanza hudhani alikuwa Mkristo kwa sababu ya hilo Robert. Robert lilikuwa jina la baba yake. Yeye alikuwa Mwislamu, na maandishi yake mengi yamejaa dua na unyenyekevu mbele ya Mungu.

Alisoma shule Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926. Hakwenda chuo kikuu, wala hakusomea fasihi popote. Alipomaliza aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944, sehemu kubwa ya muda huo akiwa Pangani. Kisha alihamishiwa idara ya wanyama, akakaa huko hadi 1946. Baada ya hapo alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, na katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960.

Hebu fikiria, msomaji wangu. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu huyu aliamka asubuhi, akaenda ofisini kujaza daftari za watu wengine, na aliporudi nyumbani ndipo alipoandika vitabu vyake. Karani wa forodha anajua kurudia. Tarehe, jina la chombo, idadi ya magunia, sahihi. Kesho tena tarehe, jina la chombo, idadi ya magunia, sahihi. Huko ni kurudia kunakochosha, maana hakuna kinachoongezeka isipokuwa kurasa. Aliyoyaandika usiku yalikuwa na marudio ya namna nyingine kabisa.

Alianza kujulikana kwa mashairi yaliyotoka katika gazeti la Mambo Leo, ambalo lilikuwa likichapishwa na serikali ya Tanganyika tangu mwaka 1923. Vitabu vilifuata. Pambo la Lugha lilitoka katika miaka ya 1940, Maisha Yangu mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952. Kufikia hapo jina lake lilikuwa limeenea Afrika Mashariki nzima.

Amina

Katika kitabu cha Maisha Yangu, ambacho baadaye kiliunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban Robert anazungumza juu ya mke wake Amina aliyefariki dunia. Hasimulii kwa kelele. Anamsifu kwa utulivu, kama mtu anayefungua sanduku la nguo za marehemu na kukunjua moja moja. Kisha linakuja shairi.

Sitalinukuu hapa, maana wengi wenu mlilikariri shuleni na wengine mnaweza kulisoma bila kitabu. Nataka tulitazame jinsi lilivyojengwa. Kila ubeti unafungwa na mstari mmoja ule ule. Washairi wetu huuita mstari huo kituo au kibwagizo, na mwalimu wa kawaida, nikiwemo mimi, huwaambia wanafunzi kwamba kazi yake ni kusisitiza ujumbe. Tunaandika neno kusisitiza ubaoni, tunaendelea na mizani, kipindi kinakwisha.

Lakini tazama yanayotokea. Katika ubeti wa kwanza mke ameondoka, na kituo kinaposema juu ya mapenzi yaliyofungwa na wawili hao, ni sauti ya mtu aliyeachwa. Katika ubeti unaofuata mume anakumbuka dua alizoomba ili mkewe apone, dua ambazo hazikujibiwa alivyotaka. Kituo kinaporudi hapo si kilio tena. Ni ubishi. Ni kama anayaambia maradhi kwamba yamechukua mwili, lakini kuna fundo ambalo hayakulifikia. Mbele zaidi mume anakiri kwamba hana maneno ya kuisema huzuni yake. Na mtu asiye na maneno hufanya nini? Hurudia lile alilobaki nalo. Mwishoni shairi linatazama siku ya kufufuliwa, na mstari ule ule, bila kubadilishwa hata silabi moja, umekwisha kuwa ahadi.

Hayo ndiyo niliyokuwa siyaoni. Maneno ni yale yale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, lakini msomaji anayeyapokea si yule wa mwanzo. Ameongezewa kitu kila alipopita. Anaporudishwa mlangoni, anauona mlango kwa macho mapya.

Kuna ufundi mwingine ndani ya kituo hicho. Kitenzi cha kufunga na kinyume chake, kufungua, vimewekwa ubavu kwa ubavu. Ni shina moja la neno, likienda upande huu na upande ule. Tena katika ubeti wa kwanza kitenzi hicho cha kufunga kimetumika kwa ua linalojikunja baada ya kuchanua, kabla hakijatumika kwa mapenzi. Kwa hiyo neno moja limeshika kifo na limeshika ndoa. Nani angekata moja kati ya hayo kwa kalamu nyekundu? Nasikitika kusema kwamba mimi ningekata.

Mgeni kutoka Nishapur

Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa kitabu kilichowashangaza baadhi ya wasomaji wake. Kiliitwa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Omar Khayyam alizaliwa Nishapur, Uajemi, mwaka 1048, akafariki mwaka 1131. Katika zama zake alijulikana zaidi kwa hesabu na elimu ya nyota. Alikuwa mmoja wa wataalamu waliotengeneza kalenda ya Uajemi iliyoanza kutumika mwaka 1079. Mashairi mafupi ya mistari minne yanayohusishwa naye, ambayo huitwa ruba'i, yanazungumzia mvinyo, mapenzi, vumbi na ufupi wa maisha. Wataalamu hubishana hadi leo ni mangapi hasa aliyatunga yeye.

Shaaban Robert hakupata mashairi hayo moja kwa moja kutoka Kiajemi. Alipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, Mwingereza aliyeyatoa mara ya kwanza mwaka 1859. Basi tazama safari ya mashairi hayo: yanatoka Nishapur kwa Kiajemi, yanavaa kanzu ya Kiingereza, na baada ya takriban miaka mia moja yanatua Tanga yakazungumza Kiswahili.

Wapo waliouliza kwa nini Mwislamu mcha Mungu, mwandishi wa tenzi za maadili kwa watoto wake, alijishughulisha na mshairi wa mvinyo. Swali ni halali, na nadhani jibu liko katika kurasa za Amina. Mtu aliyekwisha kumzika mwenzake hahitaji kufundishwa kwamba ua huchanua likafunga. Alipomkuta Khayyam akilisema jambo hilo hilo kwa namna mia tofauti, alikuwa amekutana na jamaa yake wa mbali.

Nikisema jamaa sitanii sana. Pwani yetu ina undugu wa zamani na Uajemi. Rangi, bandari, serikali, diwani, bustani, yote ni maneno yenye asili huko. Mshairi Saadi wa Shiraz alipokiita kitabu chake cha mwaka 1257 Bustan, alitumia neno ambalo mama wa Tanga analitumia leo anapomwambia mtoto akamwagilie mboga.

Waajemi na neno linalokaa mwishoni

Sasa niombe ruhusa niondoke Tanga kidogo, maana bila kuwaelewa Waajemi hatutaelewa vizuri thamani ya kitu tulicho nacho wenyewe.

Washairi wa mapenzi wa Uajemi, akina Saadi aliyefariki mwishoni mwa karne ya 13 na Hafez aliyefariki karibu mwaka 1390, waliandika hasa katika umbo la ghazali. Ghazali ina beti fupi, kila ubeti mistari miwili. Kina kinakuja, na mara nyingi baada ya kina huja neno jingine ambalo halibadiliki. Neno hilo huitwa radifu, maana yake ni yule anayepanda nyuma ya mpanda farasi. Linatokea mwishoni mwa mistari yote miwili ya ubeti wa kwanza, kisha mwishoni mwa kila ubeti unaofuata hadi shairi linakwisha.

Kwetu kina ndicho kinachofunga mstari. Kwao kina hubisha hodi, na radifu ndiyo inayofungua mlango. Msikilizaji analijua neno litakalokuja. Hajui tu litakuja limebeba nini safari hii. Kama radifu ni neno linalomaanisha rafiki, basi mara ya kwanza rafiki huyo atakuwa mpenzi aliyekaa karibu, mara ya tatu atakuwa mpenzi aliyeondoka, na mara ya saba huenda msikilizaji akaanza kushuku kwamba anayetajwa ni Mwenyezi Mungu. Mshairi hakusema kwamba maana imebadilika. Aliliacha neno liseme lenyewe kwa kurudi kwake.

Wataalamu wa huko hawakuliona jambo hili kuwa upungufu. Katika karne ya 12 Rashid al-Din Vatvat aliandika kitabu kizima juu ya mapambo ya ushairi, na miongoni mwa mapambo hayo ni lile la kulichukua neno la mwanzo wa ubeti na kulirudisha mwishoni. Hata jina la marudio kwao linatoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno takriri.

Ruba'i za Khayyam nazo zina siri yake. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne hushikana kwa kina, na mara nyingi kwa radifu pia. Wa tatu huachwa huru. Ni kama mtu aliyetoka nje ya nyumba kwa muda mfupi. Anaporudi katika mstari wa nne, nyumba ni ile ile, lakini yeye ameona kitu huko nje. Ipo ruba'i moja inayohusishwa naye, yenye kasri lililobomoka ambalo zamani wafalme walilisujudia. Juu ya ukuta wake ametua njiwa wa porini, analia ku, ku, ku, ku. Huo ni mlio wa ndege tu. Ila katika Kiajemi ku maana yake ni wapi. Ndege hajui anachouliza, lakini binadamu anayesikiliza anajua. Mara nne neno moja, na falme zote zimekwisha.

FitzGerald aliyashika mapigo ya kina cha ruba'i, lakini sehemu kubwa ya marudio ya Kiajemi haikuvuka naye kuja Kiingereza. Kwa hiyo Shaaban Robert hakuweza kujifunza takriri kutoka kwa Khayyam aliyemsoma. Hapo ndipo ninapostaajabu. Alikuwa nayo tayari. Alikuwa ameipata katika mashairi ya pwani na katika msiba wa nyumbani kwake, kabla hajakutana na mgeni huyo.

Kurudia kama silaha

Mtu anaweza kudhani kwamba takriri ni mambo ya mapenzi na misiba tu. Shaaban Robert aliitumia pia kwa siasa, tena katika nathari. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anapata taabu njiani, kila mmoja anarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja anatupwa kifungoni.

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba kisa ni kimoja. Nilikuwa nakubaliana nao. Siku hizi nawauliza ni safari ya ngapi walipoanza kuona hasira. Wengi husema ya tatu au ya nne. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi ile. Dhuluma ikitendeka mara moja huitwa bahati mbaya. Ikisimuliwa mara sita mbele ya baraza, hakuna anayeweza tena kuiita hivyo. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa kikoloni, na mwandishi wake alikuwa karani wa utawala huo huo.

Katika shairi lake la kuisifu lugha ya Kiswahili, maarufu kwa jina la Titi la Mama, taswira ya ziwa la mama inafungua shairi na inarudi katika kituo cha kila ubeti, kama mtoto anavyorudi kunyonya. Katika Utenzi wa Adili, aliouandika kwa ajili ya mwanawe wa kiume, na Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake, kina cha mwisho cha kila ubeti hakibadiliki, kama ilivyo kanuni ya tenzi zetu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, juu ya vita ya dunia ya 1939 hadi 1945, una beti zipatazo 3,000. Jaribu kufikiria kina kimoja kikishikiliwa kwa mwendo huo wote.

Mwaka 1958 vilitoka Mapenzi Bora, kazi yake ya ushairi juu ya upendo, na Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyefariki mwaka 1950. Naamini haikuwa bahati tu kwamba alimchagua Siti. Taarab ni sanaa ya kibwagizo.

Mwisho wa safari

Serikali ya Kiingereza ilimtunuku nishani ya MBE. Alikuwa mjumbe katika kamati zilizoshughulikia lugha ya Kiswahili Afrika Mashariki. Lakini sifa hazikumjazia mfuko. Alihangaika na uchapishaji wa kazi zake, hata akaanzisha shughuli yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu huko Tanga. Barua zake za miaka ya 1931 hadi 1958 kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, ambazo zimekwisha kutolewa kitabu, zinamwonyesha mtu wa kawaida mwenye familia, majukumu na wasiwasi kama wetu.

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Shaaban Robert aliuona, lakini hakuufaidi. Alifariki dunia Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kijijini kwao Vibambani. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka yeye akiwa kaburini. Kazi zake zilikusanywa katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban, na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko vimemsoma. Miaka zaidi ya 60 imepita. Jina lake nalo limekuwa kituo: kila ubeti wa fasihi yetu unaishia kwake.

Wino mwekundu

Nirudi Nyamyumba nilikoanzia. Huku pia watu wanajua siri hii bila kufundishwa na mimi. Katika ibisigo, mashairi ya kale ya ikulu ya wafalme wa Rwanda ambayo padri Alexis Kagame, aliyefariki mwaka 1981, alitumia miaka mingi kuyakusanya, imo aina ambayo beti zake hutenganishwa na kiitikio. Wavuvi wangu hawakusoma Hafez wala Shaaban. Lakini mtu aliye kwenye mtumbwi gizani anahitaji kujua kwamba wenzake bado wapo, na namna ya kujua ni kusikia neno lile lile likijibiwa. Siku lisipojibiwa ndipo atakapojua.

Baba wa yule binti alikuwa mwitikiaji katika mitumbwi hiyo. Hilo nililifahamu baadaye, nilipokwenda nyumbani kwao kumpa pole mama yake, kazi niliyopaswa kuifanya mapema zaidi. Mama alinieleza kwamba tangu siku ile huwa hatoki nje wavuvi wanapoingia ziwani. Binti hutoka. Husimama mwambaoni mpaka sauti zipotee, kisha huingia ndani kulala.

Mara tisa, basi, si kwa kukosa maneno. Alikuwa anaitikia.

Nilimwomba binti anionyeshe tena shairi la kwanza. Nilihofia kwamba amelitupa. Alikuwa amelikunja ndani ya daftari la hesabu. Nilitamani kuufuta wino wangu, lakini wino mwekundu haufutiki, na karatasi ilikuwa imechoka. Nikamwambia ukweli, kwamba mwalimu wake alikosea, na kwamba alama za juu nilizompa zilikuwa za shairi baya. Hakucheka wala hakunung'unika. Alichukua karatasi nyingine, akaketi, akaanza kunakili upya kutoka lile la zamani.

Julai 7 alilisoma mbele ya wenzake na wazazi. Nilihesabu, maana mazoea hayaachi. Neno rudi lilifika mara kumi. Alikuwa ameongeza moja mwishoni, baada ya kina, mahali ambapo kwa kanuni zetu hakupaswa kuweka neno lolote. Mshairi wa Shiraz angelitambua mara moja. Mimi niliiacha kalamu mfukoni.

Mama yake alikuwa amekaa safu ya nyuma. Jioni ile wavuvi walipoingia ziwani nilipita karibu na nyumba yao, nikawakuta wote wawili wamesimama nje.